Eropleni za Simi-Simi na Mambo Yaliyofuata

Mwenye kusafiri kutoka Opala kwenda Kisangani ana njia mbili. Akitumia maji, atashuka na mto Lomami mpaka Isangi, mahali unapoingia katika mto mkubwa wa Kongo, kisha ataupanda mto mkubwa mpaka mjini. Akitumia barabara, atakata msitu mpaka Lubunga, upande wa kushoto wa mto, na hapo atangoja chombo cha kumvusha. Ng'ambo ya pili, magharibi ya mji, upo uwanja wa zamani wa eropleni uitwao Simi-Simi. Wasomaji wapenzi, nataka leo tusimame kwanza katika uwanja huo, maana jambo lililotokea pale alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 liliifuata barabara ile mpaka vijijini mwetu, na mpaka leo hatujaachana nalo.

Wazee wa kwetu wana namna yao ya kuhesabu miaka. Huyu alizaliwa kabla ya Simba. Yule alizaliwa msituni, wakati wa Simba. Mwingine amezaliwa baada ya watu kurudi vijijini. Vijana husikia hesabu hiyo bila kuuliza zaidi. Tena wakiuliza, huambiwa habari mbili zisizopatana. Wengine huwaambia kwamba Wamarekani na Wabelgiji walikuja kuokoa watu waliokuwa karibu kuchinjwa. Wengine husema walikuja kututia tena katika utumwa. Mimi naona kila mmoja ameshika upande mmoja wa jambo akauacha mwingine. Basi tulieleze tangu mwanzo.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Waziri Mkuu wake wa kwanza, Patrice Lumumba, alikuwa amekaa miaka mingi Stanleyville (ndilo jina la Kisangani mpaka mwaka wa 1966), naye alipendwa sana huko. Alipouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, watu wa upande wetu waliona kwamba uhuru wenyewe umeuawa pamoja naye. Miaka mitatu ikapita, na maisha yakazidi kuwa mazito. Wakubwa wapya walinunua motokari, na watu wa chini hawakuona badiliko lolote ila bei kupanda. Mwaka wa 1964 maasi yakawaka: kwanza Kwilu, yakiongozwa na Pierre Mulele, kisha mashariki. Vijana walipewa dawa, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji, nao wakaitwa Simba. Chini ya Nicolas Olenga waliingia Stanleyville mwanzo wa Agosti 1964. Askari wa serikali walikimbia. Mwezi wa Septemba Christophe Gbenye akatangazwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Watu. Simba wakaendelea mbele kwa njia ya Opala na Ikela, mpaka Boende.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa maasi hawapendi kulisikia. Watu wa kwanza kuuawa na Simba hawakuwa Wazungu. Walikuwa Wakongo: makarani, walimu, wakubwa wa serikali, watu wa vyama vingine, kila mtu aliyejulikana kuwa amesoma. Pale Stanleyville wengi waliuawa hadharani mbele ya sanamu ya Lumumba, na kundi la watu likitazama. Hesabu yao hakuna aliyeiandika sawasawa. Ulaya na Marekani magazeti hayakuwataja, au yaliwataja kwa mstari mmoja.

Labda msomaji atauliza: Marekani ilitafuta nini katika msitu wetu? Siku zile dunia iligawanyika pande mbili, Marekani upande huu na Urusi upande ule, na kila mmoja aliogopa kwamba nchi atakayoiacha itachukuliwa na mwenzake. Kongo ina shaba, kobalti, almasi na urani, tena iko katikati ya Afrika. Mwaka wa 1960 Lumumba alipopata eropleni kutoka Urusi, Washington ilishtuka sana. Kwa hiyo mwaka wa 1964, zamani kidogo kabla ya alfajiri ile ya Novemba, Wamarekani walikuwa wameshaingia katika vita. Eropleni zilizopiga Simba kwa mabomu zilitoka kwao, na walioziendesha wengi walikuwa Wakuba waliokimbia kwao, wakalipwa na CIA, idara ya siri ya Marekani. Ubelgiji ilileta maofisa. Moïse Tshombe, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu Julai, aliajiri askari wa kukodiwa kutoka Afrika ya Kusini, Rhodesia na Ulaya, chini ya Mike Hoare. Jeshi hilo, likiongozwa na Kanali Vandewalle wa Ubelgiji, liliteka Kindu mwanzo wa Novemba, kisha likaanza kupanda kuelekea Stanleyville.

Kadiri lilivyokaribia, ndivyo Simba walivyozidi kuwashika wageni ili wawe ngao yao. Mjini Stanleyville peke yake wageni walikuwa zaidi ya elfu moja: wafanya biashara, wenye mashamba, mapadre, masista, wachungaji wa Kiprotestanti, na Konsuli wa Marekani mwenyewe pamoja na wasaidizi wake. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeunda kamati ya upatanisho, mwenyekiti wake Jomo Kenyatta. Tarehe 23 Novemba, Nairobi, balozi wa Marekani William Attwood alikutana na Thomas Kanza, mjumbe wa Gbenye, mbele ya Kenyatta. Hawakupatana. Wakati wanazungumza, askari wa miavuli walikuwa wameshafika Kamina, katika Katanga.

Askari hao walikuwa Wabelgiji, chini ya Kanali Charles Laurent, lakini eropleni zote zilizowabeba zilikuwa za Marekani, zile kubwa za C-130. Walitoka Ubelgiji tarehe 17 Novemba, wakapita Uhispania na kisiwa cha Ascension, mali ya Waingereza. Tarehe 24, alfajiri saa 12, zaidi ya 300 walirukia Simi-Simi. Wakasafisha uwanja ili eropleni zitue, ndipo wakaanza kuingia mjini kwa miguu. Huko mjini Simba walikuwa wamewatoa mateka wapatao 250 katika hoteli ya Victoria, wakawaketisha barabarani. Waliposikia bunduki zimekaribia, walifyatua. Watu wapatao 20 walikufa, wanaume, wanawake na watoto; mmoja wao alikuwa Paul Carlson, daktari Mmarekani wa misheni ya Kiprotestanti. Dakika chache baadaye askari wa miavuli wakatokea kwenye kona, na waliobaki wakapona. Mchana wa siku ile ile jeshi la Vandewalle na Hoare likaingia mjini kwa njia ya nchi kavu.

Siku mbili baadaye, tarehe 26, eropleni zilifanya hivyo hivyo Paulis, yaani Isiro ya leo, wakatoa zaidi ya watu 300. Mpango ulikuwa wa miji minne: baada ya Stanleyville na Paulis, zingefuata Bunia na Watsa. Lakini dunia ilikuwa imeanza kupiga kelele, wakubwa wa Washington na Brussels wakaona yatosha, na ile miwili ya mwisho ikafutwa. Tarehe 29 Novemba askari walikuwa wameondoka Kongo. Watu wapatao 2,000 waliokolewa, karibu wote wageni.

Sidharau wokovu huo. Mtu aliyeketishwa barabarani akingoja risasi, kisha akainuliwa na kupelekwa kwa watoto wake, hawezi kuambiwa kwamba msaada ule ulikuwa uovu mtupu. Kati yao walikuwamo mapadre na masista waliotubatizia wazazi wetu na kuwafundisha kusoma. Lakini tazama namna mambo yalivyokwenda. Eropleni zilikuja kwa siku chache kuchukua watu wa orodha fulani, halafu zikarudi. Waliokuwa nje ya orodha walibaki na ghadhabu ya pande zote mbili: ghadhabu ya Simba walioshindwa, na ghadhabu ya askari walioshinda.

Tuanze na ghadhabu ya Simba. Pale Stanleyville Wabelgiji hawakuvuka mto. Upande wa kushoto, yaani upande wetu, unakoanzia njia ya Opala, wamisionari waliokuwa wamefungwa huko wengi waliuawa kabla msaada haujafika. Wamba, tarehe 26 Novemba, aliuawa Askofu Joseph Wittebols pamoja na wenzake. Shirika la Mapadre wa Moyo Mtakatifu, ndilo lililoleta Injili katika sehemu zetu tangu siku za Askofu Grison, lilipoteza watu 28 katika maasi yale. Na Buta, mwisho wa Mei 1965, miezi sita baada ya eropleni kuondoka, waliuawa wamisionari wapatao 30 jeshi lilipokaribia mji.

Lakini habari ya Isiro ndiyo inayonigusa kuliko zote. Tarehe 26 mji ule ulikuwa umejaa askari wa miavuli. Walikusanya wageni, wakapanda nao eropleni, wakaenda zao, na Simba wakawa wenye mji tena. Tarehe 29 Simba walifika Bafwabaka, katika nyumba ya Masista wa Jamaa Takatifu, masista wa Kikongo, wakawapakia katika gari. Wakawaleta Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Sista Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta aliuawa kwa sababu alikataa kumtolea mkubwa wa Simba ubikira wake. Alikuwa na umri wa miaka 24. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, na siku hiyo alimsamehe aliyemwua kwa jina la Kanisa lote. Tunamwomba Anuarite katika parokia zetu, tunawapa watoto wetu jina lake. Ni mara chache tunaangalia kalenda na kuona kwamba kati ya eropleni ya mwisho na kifo chake zilipita siku chache tu, katika mji ule ule.

Kisha ikaja ghadhabu ya askari. Mjini walipora maduka na nyumba, wakapiga risasi vijana kwa kuwa ni vijana tu; kijana yeyote aliweza kuitwa Simba. Katika misitu ya kusini na magharibi ya Stanleyville vita havikwisha mwezi ule wala mwaka ule. Simba walirudi nyuma katika njia ndogo, askari wakawafuata katika barabara kubwa, na wanavijiji wakawa katikati. Waliobaki kijijini waliulizwa na askari, "Mbona hukukimbia Simba?" Waliokimbia waliulizwa na Simba, "Mbona unatukimbia?" Basi watu waliingia ndani kabisa ya msitu, wakajenga vibanda, wakapika usiku ili moshi usionekane kutoka juu. Watoto walikufa kwa homa na kwa kukosa chumvi na chakula. Watu hao hawamo katika hesabu yoyote ya mwaka wa 1964. Hata sala walizisali kwa sauti ya chini, na katika vijiji vingi hakukuwa na padre. Makatekista ndio waliobatiza na kuzika.

Majirani nao waliguswa. Nchi nyingi za Afrika ziliona kwamba Marekani na Ubelgiji zimeipiga teke kamati ya Kenyatta mlangoni pake. Mwalimu Nyerere alilalamika kwa maneno makali. Baraza la Usalama lilikaa karibu mwezi mzima wa Desemba, na tarehe 30 likatoa azimio kwamba vita vikome, wageni wasijiingize, na askari wa kukodiwa waondolewe. (Askari hao walikaa miaka mitatu zaidi.) Kumbe waliokuwa wakisitasita sasa wakafungua ghala zao: silaha za Algeria na Misri zikaanza kupita Sudani na Uganda kwenda kwa waasi. Februari 1965 eropleni za serikali ya Kongo, zile zile zilizotoka Marekani, zilitupa mabomu Goli na Paidha, vijiji vya Uganda. Aprili mwaka ule Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na Wakuba wake. Hivyo Wakuba wa upande mmoja wakaruka angani, na Wakuba wa upande mwingine wakatembea vilimani, wakipigania nchi ambayo si ya hao wala ya hawa. Che aliondoka Novemba, amechoka. Mmoja wa viongozi wa Kikongo aliowakuta huko aliitwa Laurent-Désiré Kabila, tutamwona tena.

Tarehe 24 Novemba 1965, mwaka mmoja kamili tangu miavuli ya Simi-Simi, Jenerali Mobutu alitwaa serikali. Sisemi kwamba tarehe ile ilichaguliwa kwa makusudi. Lakini hayo mawili yameungana. Mwaka mzima Marekani ilikuwa imejenga jeshi la Mobutu, imelipa eropleni zake, imejifunza kwamba nchi hii ni rahisi kushikwa na mtu mmoja mwenye bunduki kuliko kupatanishwa na watu wengi wenye maneno. Tangu hapo, kila alipotikisika, rafiki zake walifika. Julai 1967 askari wa kukodiwa waliasi hapa hapa Kisangani chini ya Jean Schramme. Marekani ikampelekea Mobutu eropleni tatu za C-130. Mwaka wa 1978, Kolwezi iliposhikwa, askari wa miavuli wa Ufaransa na Ubelgiji walirushwa tena, na eropleni za Marekani zikasaidia kubeba. Wazungu walitolewa, wanavijiji wa Shaba waliachiwa jeshi la Mobutu. Aliyeishi Stanleyville mwaka wa 1964 aliijua habari hiyo kabla ya kuisikia.

Rafiki wa namna hiyo hahitaji kuwauliza raia wake wanataka nini. Novemba 1973 mashamba na maduka ya wageni yaligawiwa wakubwa na wapenzi wa chama. Mengi yalianguka katika miaka michache, na mashamba ya kahawa na mpira ya upande wetu, ambayo tayari yalikuwa yamejeruhiwa na vita, yakamezwa na msitu. Kanisa nalo lilipata sehemu yake. Mwaka wa 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, na Kadinali Malula, aliyethubutu kusema, ilimbidi akae Roma kwa miezi. Mwaka wa 1974 shule zetu zilichukuliwa na serikali. Zilirudishwa mwaka wa 1977, nyingine zikiwa bila madawati. Wakati huo wote Mobutu alipokewa Washington kama mgeni wa heshima.

Ilipofika mwaka wa 1990, ugomvi wa Marekani na Urusi ulikuwa umekwisha, na Mobutu hakuwa tena na kazi ya kufanya kwa rafiki zake. Wakamwacha. Mkutano Mkuu wa Taifa uliojaribu kutengeneza nchi uliongozwa na Askofu Mkuu wa Kisangani mwenyewe, Laurent Monsengwo. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristu wa Kinshasa walitembea na rozari na matawi wakidai mkutano huo ufunguliwe tena, na askari wakawapiga risasi. Jeshi lile halikujua kazi nyingine; kwa miaka 25 lilikuwa limezoea kulinda mtu, si nchi.

Machi 1997 jeshi la Kabila, yule wa vilima vya Tanganyika, liliingia Kisangani likisaidiwa na Rwanda. Askari wa Mobutu walikimbia wakipora, na pamoja nao, kama mwaka wa 1964, walikuwapo tena Wazungu wa kukodiwa. Wakimbizi wa Rwanda waliokuwa wakifukuzwa msituni walipita njia ya Opala kuelekea Ikela, miguu imevimba. Wazee wa kwetu walipowaona waliwapa mihogo, wakajificha wenyewe. Walikuwa wamejifunza hilo utotoni. Juni 2000 Rwanda na Uganda zikapigana siku sita katikati ya mji wa Kisangani. Kwa vita vya miaka ile Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda, na mwaka wa 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Ya mwaka wa 1964 hayakupelekwa mbele ya Mahakama hiyo.

Neno moja la mwisho juu ya tarehe ile. Muda wote wa utawala wa Mobutu, 24 Novemba ilikuwa sikukuu ya Taifa, siku ya utawala mpya. Ofisi zilifungwa, bendera zikapandishwa, nyimbo za chama zikaimbwa. Wenye kukumbuka Simi-Simi walisimama katika mistari pamoja na wengine, wakapiga makofi. Sikukuu hiyo iliondolewa mwaka wa 1997. Siku hizi tarehe 24 Novemba ni siku ya kazi kama nyingine, na baadhi ya bibi zetu wazee sana huja kumwomba padre Misa siku hiyo. Akiwauliza ni kwa ajili ya nani, humwambia aandike tu, "Waliobaki msituni."